Sahani ya Chaki

Nilichora sahani ubaoni, duara kama mwezi wa kumi na nne,
nikaikata kwa mistari: hapa mboga, hapa matunda,
pembe hii samaki, pembe ile ugali,
kidogo, nikasisitiza, kama ngumi ya mkono wako.
Darasa la Sita B, Makorora, watoto themanini na mmoja
wakakunja ngumi wakazipima.
Ya Hizza ilikuwa kubwa. Akacheka kwa ushindi.

Ndipo Nyange wa dawati la nyuma,
asiyenyoosha mkono hata akiumwa na tumbo,
akaunyoosha.
"Mwalimu, hiyo sahani ni ya wangapi?"

Chaki ikanikatikia vidoleni.
Kwao sinia ni moja, mikono tisa,
na anayetafuna polepole, kama kitabu kinavyoagiza,
hubaki akitafuna ulimi.
Nikaifuta sahani. Vumbi likakaa kwenye mtandio wangu.
Twendeni langoni, nikasema.

Langoni Bi Mwantumu ametandaza duka lake:
ndoo ya barafu nyekundu, kachori, ubuyu,
vijuisi vya pakiti vyenye picha ya nanasi
ambavyo nanasi lenyewe halijapata kuvisikia.
"Leo umeniletea wote!" akafurahi, akafunua ndoo.
Sikuwa na uso wa kumwambia nimewaleta kufanya nini.

Tukapiga hesabu.
Mia mbili: barafu na jojo.
Au mia mbili: chungwa la Muheza, lile la kijani
ambalo mgeni hudhani halijaiva,
na kipande cha muhogo wa kuchemsha.
"Lakini chungwa haligandi," akasema Hizza,
"na jua la Tanga, mwalimu, unalijua."
Nalijua. Hata mimi niliitazama ile ndoo.

Alhamisi, kipindi cha mazoezi:
mwili usiotikiswa, nikawaambia,
ni kama tui lililolala, hujitenga.
Kila mtu atembee nusu saa kwa siku.
Nyange akatazama viatu vyake.
Anatoka ng'ambo ya reli, kilomita tano kuja,
tano kurudi, na dumu la maji linamsubiri.
Huyu nimfundishe kutembea?
Nifundishe mto kuteremka?

Waliolalamikia jua ni wanaoletwa na bodaboda.
Wasichana wakasema uwanja ni wa wavulana,
wavulana wakasema uwanja ni wa kokoto,
na kweli, tangu Ramadhani lori limemwaga kilima
cha choo ambacho hakijajengwa.

Basi kamba.
Ya mkonge, iliyofungia gunia la mchele nyumbani kwangu.
Nikashika ncha moja, Mwanashamba akashika ya pili.
"Ingia na wewe, mwalimu!"
Nikampa mwingine ncha, nikapandisha gauni kidogo, nikaingia.
Moja. Mbili. Tatu.
Ya nne goti likasema neno lake,
na moyo, huu ninaouchora vizuri mno ubaoni,
ukagonga kama mgeni wa usiku.
Mwaka jana daktari wa Bombo aliniambia:
sukari hiyo, mama, punguza.
Watoto sijawaambia.
Nyange aliruka mia na kumi na nane, hakuhema.

Mtihani wa mwezi: Taja makundi ya vyakula.
Themanini wakayataja kama nilivyowakaririsha.
Nyange akaandika:
cha kwetu, cha jirani, na cha kesho.
Kalamu nyekundu ikakaa hewani
mpaka chai yangu, ya kijiko kimoja sasa, ikapoa.

Jumatatu Bi Mwantumu hakunisalimia vizuri.
Lakini kando ya ndoo kulikuwa na beseni,
machungwa yamemenywa, yamepangwa, pilipili na chumvi pembeni.
Barafu ziliisha kwanza.
Machungwa yalibaki tisa.

Leo yamebaki saba.